Usiku Mmoja Juu ya Chimala

Ndugu msomaji, ukipanda basi Mbeya asubuhi kuelekea Makambako, utaiacha Uyole, utaipita Igurusi, na kabla jua halijawa kali utafika Chimala. Abiria wengi huuona mji huu kwa dirishani tu. Basi husimama, wauza mchele hulikimbilia, kelele za bei husikika kwa dakika chache, kisha safari huendelea. Mkono wa kushoto wa abiria huyo liko Bonde la Usangu, nchi tambarare ya mpunga na ng'ombe ambamo reli ya Tazara hupita. Mkono wa kulia mlima umesimama kama ukuta. Juu ya ukuta huo ipo nchi nyingine kabisa, Uwanji, nchi ya viazi, ngano na pareto, ambako watu huvaa makoti makubwa hata katika siku ambazo Chimala watu wamefungua vifungo vya shati.

Barabara ya kwenda huko, hadi Matamba, hupanda kwa kona 57. Wenyeji wamezihesabu, na ukisema "hamsini na saba" mbele ya dereva wa lori la viazi hahitaji kuuliza unazungumzia kitu gani. Lakini mimi sikuja kukusimulia habari za malori. Nataka nikusimulie njia ya miguu inayozikata kona hizo, na usiku mmoja nilioulala kando yake nikiwa na kijana wa miaka kumi na mitano ambaye si mwanangu, bali nimekabidhiwa.

Kijana huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa auzaye mchele hapo Chimala. Dada ana mtoto huyo mmoja tu. Alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha pili, kijana alisoma habari za kipunji, yule kima mwenye manyoya marefu ya hudhurungi na kishungi kichwani, ambaye wataalamu wa wanyama waliutangazia ulimwengu habari zake mwaka 2005. Nasema waliutangazia ulimwengu, kwa maana wawindaji wa huko walikuwa wakimfahamu na jina lake wanalo. Kipunji anaishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na kundi jingine dogo liko Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Mahali pengine popote duniani hayupo. Kijana alipojua kuwa kima huyo anaishi nyuma ya mlima anaouona kila aamkapo, hakutulia tena.

Basi tukapanga safari. Wakati wa likizo ya Desemba tungeingia Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, tuchukue mwongozaji, tuuvuke uwanda wa maua, tushuke kwa miguu kupitia msitu wa Livingstone mpaka Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Dada alitusikiliza tulivyopanga, akiendelea kupepeta mchele wake. Mwishowe akasema, "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa kalamu. Mlalieni kwanza usiku mmoja hapa hapa juu ya Chimala, nanyi mmebeba kila kitu mtakachokibeba huko. Mkirudi ndipo tuzungumze."

Nilidhani anatuwekea kikwazo. Nilikubali kama mtu anayekubali kupimwa urefu akiwa anajijua kuwa ni mrefu.

Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba tulikuwa mlangoni pa duka lake saa moja asubuhi, mashanta yetu migongoni. Dada akatuamuru tuyaweke juu ya mizani ya mpunga. La kwangu lilikuwa kilo 21. La kijana lilikuwa kilo 15. Kisha akampandisha kijana mwenyewe: kilo 45. Hakusema neno. Alitazama tu mshale, akanitazama mimi, akaingia ndani na kurudi na blanketi la sufi alilolifunga ndani ya mfuko mzito wa nailoni, pamoja na chupa ya chai. Nilibisha. Nilimwambia blanketi ni uzito bure, na chai tutachemsha wenyewe. "Chukua," akasema, na mwenye dada mkubwa anajua kwamba neno hilo halina rufaa. Ili kupata nafasi ya blanketi nikatoa magodoro mawili membamba ya sponji ya kutandika chini. Niliyaacha juu ya magunia, nikijisifu moyoni kwa kupunguza mzigo.

Njia huanza nyuma ya nyumba, ikavuka mifereji ya maji ya mashamba na kuingia miombo. Novemba ni mwezi mzuri wa kuiona miombo: majani mapya yamekwisha kukomaa, vumbi la kiangazi bado liko mashinani, na kila mahali pananukia ardhi iliyoonja mvua moja au mbili. Kwa saa mbili za kwanza ungetuona ungedhani sisi ni watembezi wa siku nyingi. Kila tulipoikata barabara tulihesabu kona kwa sauti. Katika kona ya kumi na tatu hivi kijana aliacha kuhesabu. Katika kona ya ishirini niliacha na mimi.

Mzigo, ndugu msomaji, una tabia ya pekee. Chini, penye mizani, kilo 15 ni namba. Mlimani ni mkono unaokuvuta mabega kwa nyuma kila unapoinua mguu. Wanaojua mambo haya hushauri kwamba mtu mzima mwenye afya asichukue zaidi ya robo ya uzito wake kwa safari ya kutwa, na kijana anayekua asizidi sehemu moja ya tano. Mpwa wangu alikuwa amebeba theluthi. Tena tulikuwa tumeyapanga mashanta vibaya: sufuria na vyakula vya makopo tuliviweka chini kabisa na nje, vikining'inia, badala ya kuviweka katikati, karibu na uti wa mgongo. Nguo za kubadili zilikuwa sakafuni mwa shanta, hazikufungwa kwenye mfuko wowote.

Nikipumzika chini ya mkuyu niliwakumbuka wapagazi wa zamani. Mzigo wa mpagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, naye aliubeba kichwani au begani kwa miezi, toka bara hata pwani. Mwaka 1877 konseli wa Kiingereza aitwaye Frederic Elton alizivuka nyanda hizi akitoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa kuja kwa Merere, mtawala wa Wasangu, na kwa muda mrefu ramani ziliuita uwanda wa Kitulo kwa jina lake. Elton hakufika pwani. Alifariki Ugogo mwezi Desemba wa mwaka huo huo. Jina lake likabaki kwenye ramani. Majina ya waliombebea hema, vitanda na makasha hayakuandikwa juu ya mlima wowote. Nilimwambia kijana hayo ili kumtia moyo. Akaniuliza, "Mjomba, nao walipewa magodoro?" Sikuwa na jibu.

Kuanzia hapo miombo ikawa mifupi, tukaona mikusu, kisha majani marefu na miti ya protea yenye maua makubwa kama vikombe. Upepo ulibadilika. Kumbuka kwamba kila upandapo meta 1,000 baridi huzidi kwa nyuzi 6 hivi. Chimala iko kwenye meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko kwenye meta 2,600. Ukitoka jasho chini na kufika juu ukiwa na shati lile lile, umebadili nchi bila kubadili nguo.

Ukigeuka nyuma hapo juu, utaiona Usangu yote. Nakusihi usiipite haraka, kwani mandhari hiyo ni somo. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali hutelemka kutoka milima hii, huyanywesha mashamba ya mpunga, kisha huingia Ruaha Mkuu, mto unaokwenda kuyajaza mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme. Toka mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, jambo ambalo zamani halikuzoeleka, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya kinamasi cha Ihefu kuingizwa katika hifadhi hiyo mwaka 2008. Wapo wanaowalaumu wakulima wa mpunga, wapo wanaowalaumu wafugaji. Mimi nilipokaa pale juu, nikiona jinsi mifereji inavyong'aa kama nyuzi za fedha, niliona urahisi wa kulaumu ukiwa mbali. Dada yangu anaishi kwa mpunga huo.

Saa tisa na nusu alasiri wingu likatoka Uwanji, likashuka juu yetu bila kunguruma. Mvua haikuwa kubwa. Laiti ingalikuwa kubwa tungalijificha! Ilikuwa ile mvua nyembamba ambayo mtu hujiambia, "hii si kitu," akaendelea kutembea mpaka anapogundua kuwa amelowa hata mfupa. Makoti ya mvua tulikuwa nayo, lakini yalikuwa chini ya mashanta, nasi tuliona uvivu kupakua. Kijana alianza kujikwaa. Nilimwuliza kama amechoka, akasema la. Nilimwuliza kama kiatu kinambana, akasema la. Viatu vilikuwa vipya, vilinunuliwa juma lile lile, na visigino vyake vilikuwa vimekwisha kufanya malengelenge tangu saa nne asubuhi. Hayo niliyajua baadaye.

Tulipata ruhusa ya kulala kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee mpole aliyetushangaa, akatuelekeza tushuke kidogo mpaka kwenye kisitu kilichoko kwenye bonde la kijito. Sikumsikiliza vema. Kabla ya kufika kwenye kisitu niliona bega la mlima, mahali tambarare, wazi, penye kuonekana bonde zima, na kwa kuwa mimi ni mwandishi nilikwisha kuanza kutunga sentensi juu ya taa za Chimala zitakavyoonekana usiku. Hema tukalisimamisha hapo. Taa kwa kweli zilionekana, kwa robo saa, kabla ya ukungu kufunga.

Kibiriti kilikuwa kimelowa. Jiko letu dogo la mafuta ya taa likawa chuma tu. Tulikula mkate na samaki wa kopo gizani, tukavaa nguo za kubadili, nazo tukazikuta ni mbichi kama zile tulizozivua. Upepo ulikuwa ukilipiga hema ubavuni. Chini, pasipo na magodoro, ardhi iliyalowesha mashuka yetu, na hapa nikuambie jambo ambalo sikulijua hata siku ile: alalaye nje huibiwa joto na ardhi iliyo chini yake kuliko hewa iliyo juu yake. Kujifunika tu hakutoshi kama hukutandika.

Kijana alitetemeka kwa muda mrefu, meno yakigongana. Nilimtania, akacheka. Kisha, yapata saa nne, akanyamaza. Nilimwuliza kama baridi imepungua, akanijibu polepole, kama mlevi, "Sina baridi tena, Mjomba." Nikafurahi. Naam, nakiri kwamba nilifurahi, nikajigeuza nilale. Ndipo nikamsikia akihangaika na zipu ya koti lake, akiivuta na kuiacha, akiivuta na kuiacha, vidole vikishindwa kuishika. Nikawasha tochi. Zipu ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Alikuwa anataka kuifungua.

Mtu aliyepatwa na baridi kali hutetemeka kwa sababu mwili unapigana. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa, na maneno yake yakawa mazito, na mikono ikawa haimtii, usidhani ameshinda. Mwili umeanza kuacha kupigana. Na hili laweza kutokea hata mahali pasipo na theluji wala barafu. Maji, upepo na uchovu vinatosha. Nilikuwa nimelisoma hilo mahali fulani, na katika dakika ile likanijia lote kwa mara moja, pamoja na uso wa dada yangu penye mizani.

Nilimvua nguo zote mbichi. Nikaufungua ule mfuko wa nailoni nilioubishia, na ndani yake blanketi lilikuwa kavu, lenye harufu ya sanduku la nyumbani. Nikayamwaga mashanta yote mawili, nikayatandika chini, kamba na mikanda nikaigeuzia pembeni, nikamlaza juu yake na kumviringisha blanketi hata kichwani. Mimi nikalala upande wa upepo, nimemkumbatia. Chupa ya chai ilikuwa bado na uvuguvugu, na sukari dada alikuwa ameitia bila huruma. Nilimnywesha kidogo kidogo, nikimsemesha, nikimtaka anitajie majina ya walimu wake, ya vituo vya basi toka Mbeya hadi Makambako, ya kitu chochote. Simu haikupata mawasiliano. Kumbeba usiku ule kwenye utelezi ningetuangusha wote wawili, na kumwacha nikaite watu sikuthubutu.

Kiasi cha saa saba usiku akaanza kutetemeka tena. Sijapata kufurahia kitu kama mtetemeko ule. Hata saa tisa alikuwa ananilalamikia kwamba mfungo wa shanta unamchoma mbavu, kwa sauti yake ya kawaida kabisa.

Alfajiri ukungu ulikuwa bado umelala. Tukasikia nyayo, akatokea mama mmoja anashuka na tenga la viazi kichwani, mtoto mgongoni, viatu vya plastiki miguuni. Alisimama akalitazama hema letu, akatutazama, kisha akauliza kwa upole mkubwa kwa nini tumelala kwenye njia ya upepo. Tulipokosa la kusema, akatuongoza hatua zipatazo hamsini chini ya mgongo wa mlima. Palikuwa na kibonde kilichofunikwa na miti, kikavu, na chini ya jabali lililoinama kulikuwa na mafiga yaliyojaa masizi ya miaka mingi. Hapo ndipo wapita njia hupumzika mvua ikiwakuta. Alitoa kibiriti alichokifunga ndani ya kitambaa na kipande cha mfuko wa plastiki, akatuwashia moto. Mtoto wake alikuwa amelala muda wote huo.

Tulishuka naye. Yeye alikwenda kama aliyebeba kofia, sisi tukachechemea nyuma, kijana akiwa amevaa kandambili zangu kwa ajili ya visigino. Njiani, mama alipokuwa ametutangulia, kijana akanishika mkono. "Mjomba," akasema, "mama tumwambie mvua ilitunyea, tukalala vizuri. Akijua ya usiku, Desemba hatuendi." Alikuwa na haki ya kulisema hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kulifikiri kabla yake, tangu kona ya arobaini, na nilikuwa nimeandaa hata maneno.

Nataka uielewe shauku yake, ili usimwone kuwa ni mtoto mjanja. Kitulo ni kitu cha kutamaniwa. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili maua hufunguka kwa zamu, na aina za okidi peke yake hufika 45. Mizizi ya okidi hizo imekuwa ikichimbwa kwa wingi na kuuzwa nchi jirani ya Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuilinda nchi ile. Ukivuka maua unaingia msitu wa Livingstone, na ndani yake yumo kipunji. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano, kukosa hayo kwa sababu ya neno moja la mjomba si jambo dogo.

Tulifika dukani saa nne. Yule mama alikuwa amefika kabla yetu, kumbe ni mteja wa siku nyingi, viazi vyake hubadilishwa kwa mchele. Tenga lilikuwa juu ya mizani. Kilo 26, na mtoto hakupimwa.

Nilimwambia dada yote. Nilimwambia juu ya magodoro niliyoyaacha juu ya magunia yake, ambayo bado yalikuwa pale pale. Nilimwambia juu ya bega la mlima na taa nilizotaka kuziona, na zile nguo mbichi, na lile jibu la "sina baridi tena," na jinsi nilivyofurahi kulisikia. Kijana alitazama chini. Dada alikuwa anapimia mteja kilo mbili. Alimaliza, akapokea fedha, akarudisha chenji, akafunga kijidaftari chake. Kisha akaja akayakagua macho ya mwanawe, akamvua kandambili, akavitazama visigino kwa muda.

"Desemba hamwendi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Dada akaliinua shanta la kijana, akaliweka juu ya mizani, akaanza kulitoa kimoja kimoja yeye mwenyewe: sufuria ya pili, makopo, tochi ya pili, kitabu kinene, jozi ya tatu ya suruali. Blanketi katika mfuko wake wa nailoni akalirudisha. Godoro la sponji akalikunja, akalifunga juu. Mshale ulipofika kilo tisa akaacha. Akamwuliza yule mama wa Uwanji kama kile kibonde chenye mafiga kinaweza kulaza watu watatu, naye akajibu kuwa hulaza hata sita.

Dada akanigeukia, akaniuliza shanta la tatu, dogo, la kumfaa mtu wa kimo chake, linauzwa kiasi gani huko mjini Mbeya.